Gauni la Mama wa Mti na Mguu wa Taohu

"Iachie hiyo nguo, Thongbai."

"Nikiiachia utakwenda nayo wapi, mzee? Haikupiti hata mabegani."

Mzee Prayong alikuwa ameshika upande wa mabega, Thongbai ameshika upindo, na katikati yao gauni la hariri ya kijani lililotariziwa nyuzi za dhahabu limenyooka kama kamba ya kuanikia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kona ya kibanda cha pepo wetu, Mama wa Mti, namenya yai. Lilikuwa yai la nadhiri ya mtu. Mama akishavuta harufu yake, linalobaki ni letu sisi wenye meno machache.

"Nimelikuta kwenye mfuko wa mcheza ngoma," Prayong akasema. "Limekunjwa pamoja na poda na ndala zake. Watu wamelitoa kwa nadhiri, wewe unalikodisha kama viti vya harusi."

"Viti vya harusi hurudi vimevunjika. Hili huwa linarudi limefuliwa."

"Kwa hiyo unakubali."

"Nakubali kwamba linafuliwa."

Huyo ndiye Thongbai. Tumeishi ukuta kwa ukuta tangu nywele zetu sote wawili zikiwa nyeusi, na sijapata kumwona akikosa la kujibu ila mara moja tu, na mara hiyo ilikuwa siku hiyohiyo, kama mtakavyoona mkiwa na subira.

Ni binti wa mlinzi wa kinu cha mpunga. Wanasema siku aliyozaliwa mkunga alidai bata kwa kazi yake, na mtoto akalia, akalia, mpaka mkunga akashusha bei hadi yai. Sikuwepo, ila nimesimuliwa na aliyekuwepo, na huyo ni bata mwenyewe. Alipokua aliolewa na muuza dawa za mitishamba, mwanamume wa kutembea na kipaza sauti, anayeweza kukuuzia dawa ya nyoka hata kama unaumwa jino. Mwaka fulani wa mafuriko akasema kipaza sauti kimeisha betri, anakwenda mjini kununua nyingine. Mpaka leo Thongbai akiulizwa mumewe yuko wapi husema, "Bado anachagua betri."

Akabaki na kikaango chake cha mashimo. Hupika vitumbua vya nazi langoni pa hekalu, vyenye majani ya kitunguu juu, na moto wake wa mkaa ndio uliomletea mbwa wa kwanza.

Huku kwetu mtu akimchoka mbwa wake hamuui, anaogopa dhambi. Humleta hekaluni alfajiri, humfungulia mlango wa gari, kisha huondoka mwepesi, dhambi yake amewagawia watawa. Watawa hawafukuzi kiumbe. Mbwa nao hawajui barabara kuu ni nini, wanavuka kama wanavyovuka uani kwao. Wa kwanza aliburuta miguu yake siku ya baridi akajilaza kwenye jivu la Thongbai, mbavu nje, sikio moja limebaki barabarani. Thongbai akamtazama, akasema, "Hapa hatukopeshi." Akampa kitumbua. Kesho yake wakaja watatu.

Basi akawajengea banda nyuma ya tanuri la kuchomea maiti, mahali ambapo majirani hawalalamikii kelele. Wazima walichukuliwa haraka, watu wakija kwenye mazishi wanaondoka na mbwa. Taabu ilikuwa ya walioumia. Mbwa mwenye mguu uliopinda hachukuliwi na mtu. Sharti kwanza atibiwe, na matibabu hayaji kwa sala. Daktari wa mifugo, kijana Kritsada, hupita kwetu siku za Jumatano akitoka kuchanja ng'ombe, na hakuna mtu mwenye moyo kama wake. "Mkono wangu ni bure, mama," humwambia Thongbai huku amejaza kitumbua mdomoni. "Lakini dawa na chuma cha kuungia mfupa nanunua kama unavyonunua wewe nazi."

Mwanzoni Thongbai aliweka kopo langoni. Watu wakatia maganda ya pipi. Akaona hapa patahitajika akili zaidi.

Wakati huo bandani kulikuwa na dume moja la upele, halina unyoya hata wa kufutia kalamu, na jicho limevimba kama embe. Thongbai akalipa jina Sawaeng. Sawaeng ni jina la bwana mwenye duka la rehani, tajiri kuliko wote mtaani, mtu ambaye akikupa tabasamu hukudai riba. Kila asubuhi mke wa tajiri alipokuja na bakuli la wali wa kuwapa watawa, sauti ya Thongbai ilikuwa imeshatangulia: "Sawaeng, acha kujilamba mbele ya watawa. Sawaeng, leo umeoga wewe? Jamani, Sawaeng ananuka, mshikeni."

Hazikupita siku nyingi bwana Sawaeng akaja mwenyewe, mwekundu kama pilipili.

"Bibi, hilo jina libadilishwe."

"Nitalibadilishaje, bwana? Mgonjwa haitiki jina jipya mpaka apone. Daktari kasema."

Akalipa dawa ya upele na upasuaji wa jicho. Mbwa akapona, akaota manyoya, akaitwa Ndizi, akachukuliwa na mwalimu mmoja wa kike. Habari zikaenea, na matajiri wengine wakaanza kuleta fedha za matibabu kabla hawajatajwa. Mwenye kiwanda cha barafu alileta mara mbili, kwa usalama. Hapo ndipo mtawa mkuu alipomwita Thongbai. Alianza kwa kucheka mpaka akashika tumbo, kisha akamkataza.

Ndivyo mambo yalivyokuwa alipoletwa Taohu.

Taohu ni mbwa mweupe, mpole, laini kama jina lake, yaani jibini la maharage ya soya. Aligongwa na lori la miwa njia panda, mfupa wa mguu wa nyuma ukavunjika vipande. Aliyemwokota ni mzee Chalaem, aliyekuwa akivusha watu mtoni kwa kivuko kabla daraja halijajengwa. Alimfunga kwenye kitambaa chake cha kiunoni, akabaki na bukta, akamleta hivyo hadi bandani. Toka siku hiyo akawa anakuja kila alasiri na tonge la wali mkononi, anakaa chini, anamwambia mbwa, "Juu," kisha anampa. "Juu," anampa tena.

"Unamfundisha nini?" Thongbai akamuuliza.

"Ngazi."

Nyumba ya Chalaem imesimama juu ya nguzo kando ya mto kama nyumba zetu zote, na kila mwaka mto unapofura, maji hupita chini ya sakafu. "Nampenda, dada," akasema. "Nyumba yangu ina kimya mno. Lakini mbwa asiyeweza ngazi nitamwacha wapi maji yakija? Na mimi mgongo huu siwezi kumbeba kila siku. Akiweza kupanda, ni wangu." Akageuza uso upande wa mto, akajifanya anaangalia hali ya hewa.

Kritsada akampapasa Taohu, akatikisa kichwa. Chuma kinatakiwa, na kinatakiwa upesi. Mfupa ukijiunga wenyewe utajiunga vibaya, na mbwa huyo hatapanda hata kizingiti. Thongbai akauliza bei ya chuma. Alipoambiwa, akakaa juu ya gunia la mkaa, akasahau kwamba amevaa sketi nyeupe.

Sasa nije kwa Mama wa Mti. Zamani walipochimba mfereji walitoa gogo kubwa kwenye tope, jeusi, refu kama treni. Mimi nilikuwepo, na nawaambia waliolivuta walisikia mwanamke anapiga chafya ndani yake. Pepo wa gogo ni bibi wa watu, mpole, anapenda nguo nzuri. Ukiwa na shida unaweka nadhiri kwake: nikipata kazi, nikijaliwa mtoto, nikishinda kesi, nitakuletea gauni. Ukifanikiwa usipotimiza, shauri yako. Basi Mama ana makabati matatu ya magauni, yamebanana hata milango haifungi, mengine hayajatolewa kwenye mifuko ya dukani. Na mayai ya kuchemsha je? Mwaka jana kuku wa wilaya nzima walifanya mkutano.

Thongbai alisimama mbele ya makabati hayo akiwa na mkaa kwenye makalio, akayatazama. Wiki ileile kikundi cha ngoma kilichokuwa kinakodiwa na watu kuja kumchezea Mama kilikuwa kinalia kwamba mavazi yao yameliwa na panya. Akili ya Thongbai haihitaji zaidi ya hapo.

Lakini hakuiba. Kwa hilo nitakula yamini. Alichukua vile vibao viwili vya kumwulizia Mama, vyenye upande bapa na upande wa mgongo, akapiga magoti, akasema: "Mama, nguo zinaliwa na nondo na wewe huna miili mia. Naomba wasichana wazivae wakikuchezea, kodi yake iende kwenye mguu wa mbwa. Zinarudi zimefuliwa." Akavirusha. Vyote viwili vikaanguka kifudifudi, maana yake hapana. Akarusha tena, vikalala chali, maana yake Mama anacheka. Akarusha mara ya tatu, kimoja chali, kingine kifudifudi. Amekubali.

"Umemlazimisha," nikamwambia.

"Wewe mama yako ulimwomba kitu mara moja tu akakupa?"

Mama yangu alikuwa wa mara tano.

Kodi ikaanza kuingia, taratibu, kama maji ya bomba letu. Ingetosha, labda, kabla ya masika kukolea. Lakini ikatokea asubuhi ya ukungu.

Bi Amphai ni mke wa mkuu wa kijiji chetu, mwanamke mzito, mstahiki, asiyependa utani. Ndiye aliyetoa lile gauni la kijani. Goti lake la kushoto lilikuwa limekufa, anatembea kwa mkongojo, ko, ko, ko, ukimsikia kutoka sokoni unapata muda wa kuficha karata na kuvaa uso wa heshima. Aliweka nadhiri kabla hajapasuliwa: nikipanda ngazi za hekalu kwa miguu yangu, Mama, nitakutolea hariri. Akapona, akapanda, akatoa. Aliutarizi upindo kwa mkono wake.

Asubuhi ile alikuwa anakuja na wali wa watawa. Ukungu umetoka mtoni umelala juu ya nyasi. Kando ya gogo akamwona mwanamke peke yake, amevaa hariri ya kijani, anapinda vidole, anazunguka polepole. Mtu wa kwetu akiona gauni lililotolewa kwa Mama linatembea, hawezi kufikiri kwamba kuna binadamu ndani yake. Nani angethubutu? Kwa hiyo bi Amphai hakumwona msichana wa ngoma aliyekuja mapema kufanya mazoezi. Alimwona Mama, amevaa zawadi yake, anaicheza. Akaweka bakuli chini, akapiga magoti kwa lile goti jipya, akalia.

Alinikuta mimi wa kwanza njiani, akanieleza. Watu wanasema mimi ndiye niliyetia chumvi. Si kweli. Mimi nilisema tu kwamba miguu yake haikuonekana, na haikuonekana, kulikuwa na ukungu. Kama mtu amesikia "miguu haikuonekana" akaenda kusema "alikuwa anaelea," na wa pili akasema "alielea mpaka juu ya paa," mimi nifanyeje? Kufika adhuhuri Mama alikuwa amevuka mto na kurudi.

Wakaja kutoka wilaya tatu. Wakalipaka gogo unga ili mistari yake iwaonyeshe namba za bahati nasibu, wakakwangua mpaka nikaogopa watafika upande wa pili. Wakaleta magauni mengine ishirini. Na sanduku la sadaka, ambalo miaka yote lilikuwa nyumba ya mijusi, likajaa.

Kwa sanduku hilo mzee Prayong, mwenyekiti wa kamati ya hekalu, akapata ndoto. Paa la ukumbi linavuja, hilo ni kweli, watawa husali wamejikunyata upande mmoja kama abiria wa mashua iliyopinda. Na atakayetengeneza paa jina lake huchorwa kwenye nguzo ya mbele. Prayong alishachagua hata rangi. Sanduku akalitia kufuli, ufunguo shingoni.

Thongbai akamwendea akaomba chuma cha Taohu tu, si zaidi. Akaambiwa mbwa ni mbwa na hekalu ni hekalu. Na kikundi cha ngoma nacho, kuona umati ule, kikaogopa kuvaa nguo za Mama tena. Kikabaki na lile gauni la kijani mfukoni kikisubiri nafasi ya kulirudisha kimya kimya. Kodi ikakatika. Mto ukaanza kupanda, mzee Chalaem akahamisha vyungu vyake juu. Alasiri ile bado alikuwa bandani na tonge lake. "Juu," anasema. Taohu ananyanyua kifua, mguu wa nyuma unamkatalia, anamtazama mzee kama anayeomba radhi.

Basi ndipo Prayong alipolikuta gauni kwenye mfuko wa mcheza ngoma, na ndipo mlipotukuta kibandani, gauni limenyooka kati yao na mimi na yai langu.

"Nitamwambia bi Amphai," Prayong akasema. "Leo hii. Nitamwambia aliyemwona hakuwa Mama, alikuwa binti wa muuza samaki ndani ya nguo aliyoikodi kwako."

"Mwambie."

"Nitamwambia."

"Nenda basi, mzee, njia unaijua. Ukishamwambia yeye, waambie na wale wa wilaya tatu. Simama pale kwenye sanduku uwaambie hakuna kilichotokea, rudini na pesa zenu. Halafu ukaezeke ukumbi kwa majani ya mgomba."

Prayong akagusa ufunguo shingoni. Hilo hakuwa amelifikiria. Hata mkono wake ulilegea kidogo, Thongbai akajivutia shubiri moja ya hariri.

"Unanitisha?"

"Nakushauri. Wewe unataka Mama awe alicheza, mimi sijakataa alicheza. Nakuomba mguu mmoja tu kwenye paa lote hilo. Vigae vingapi hivyo? Acha tundu juu ya kichwa changu, nitasali na mwavuli."

"Pesa ya Mama haiendi kwa mbwa. Watu watasema nini?"

"Wataanza kusema leo? Mama mwenyewe amekubali. Nilirusha vibao."

"Mara ngapi?"

Thongbai akanitazama. Mimi nikatazama yai.

"Mara ya kutosha," akasema.

"Mara tatu," Prayong akasema. "Nakujua. Mpaka akuchoke. Sikiliza wewe mwanamke, mimi nitalirudisha gauni hili kabatini, wala simwambii mtu, na wewe mbwa wako umwache kama alivyo. Mbwa wangapi wana miguu mitatu na wanaishi?"

"Wanaishi chini, mzee. Maji yakija wanaishi wapi?" Sauti yake ilishuka, na nilijua hapo amefika mwisho wa utani wake, kwa maana nimeusikia utani huo miaka yote na sijawahi kuusikia ukiisha. "Yule mzee anamwambia juu, juu, kila siku. Mnyama ameelewa. Anataka. Mguu tu ndio hautaki. Na bi Amphai, unadhani gauni hili alilitoa kwa sababu gani? Kwa sababu ya ngazi. Mtu amepewa ngazi zake akashukuru kwa hariri. Sasa hariri yake ikimpa na mwingine ngazi, dhambi iko wapi? Akija kuniuliza nitamwambia hivyohivyo, uso kwa uso, hata akinipiga na mkongojo wake."

"Mkongojo nilishautupa," sauti ikasema mlangoni.

Hilo ndilo kosa letu sote watatu. Tumezoea kusikia ko, ko, ko kutoka sokoni, tukasahau kwamba goti limepona. Alikuwa amesimama juu ya ngazi ya mwisho, bi Amphai mwenyewe, na kapu la mayai mkononi, na amesimama hapo kwa muda gani ni yeye na Mama tu wanaojua. Prayong akaachia mabega. Thongbai akabaki na upindo, mdomo wazi, hana neno. Mimi yai likanikwama.

Bi Amphai akaweka kapu chini. Akalichukua gauni mkononi mwa Thongbai, akaligeuza, akatafuta mshono wake wa mkono kwenye upindo, akaona mahali ulipoachia kwa kuchezewa. Akapitisha kidole juu yake mara mbili. Kisha akamnyooshea mzee Prayong kiganja, akakiacha wazi palepale, mpaka mzee akaanza kuvua ufunguo shingoni.

"Thongbai," akasema, macho bado kwenye mshono, "huyo mbwa ni mguu gani?"